Neno Nililomfundisha Mwanangu

Ilikuwa Jumatano, yapata saa nne za asubuhi, nami nilikuwa katika chumba cha habari nikisahihisha taarifa ya bei za mahindi, simu ilipolia. Alikuwa mwalimu wa darasa la mwanangu. "Baba Baraka," aliniambia kwa ile sauti ya upole ambayo walimu huitumia wanapokuwa na jambo zito, "ukipata nafasi leo pita hapa shuleni. Mtoto hakuumia. Lakini ningependa uje wewe mwenyewe."

Niliomba ruhusa kwa mhariri, nikapanda daladala. Nilipofika nilimkuta Baraka, ambaye yuko darasa la tano, amesimama mlangoni pa ofisi ya walimu, kola ya shati imechanika. Upande wa pili wa mlango alisimama mwenzake, jicho limevimba. Kisa chenyewe kilikuwa maandazi. Wakati wa mapumziko yule mwenzake alikuwa na maandazi mawili, Baraka akaomba moja, akanyimwa. Ndipo Baraka akamwambia mbele ya watoto wote, "Myahudi mkubwa wewe!" Yule mtoto hakujua maana ya neno lile, lakini alijua kwamba ametukanwa. Ngumi zikafuata.

"Ngumi za watoto ni jambo la kila siku," mwalimu aliniambia baada ya kunikaribisha kiti. "Kwa ngumi peke yake nisingekusumbua kazini. Nimekuita kwa sababu ya lile neno. Nilimwuliza maana yake, akanijibu kuwa ni mtu mchoyo asiye na huruma. Nikamwuliza amelisikia wapi. Baraka, mwambie baba."

Baraka aliangalia vidole vya miguu yake. "Kwako, baba. Siku ile ulipokuwa ukimwambia mama habari za mwenye nyumba."

Ndugu msomaji, sina haja ya kukuficha. Ni kweli. Mwezi mmoja kabla ya hapo mwenye nyumba wetu alikuja kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nami jioni ile, tukila, nilitamka kwa hasira kwamba mzee yule ni Myahudi hasa. Mzee mwenyewe ni mtu wa Kilwa, mjukuu wa wavuvi, wala sidhani kama amepata kuvuka mpaka wa nchi hii. Nililisema tu, kama wengi wetu tunavyolisema, nikaendelea kumega ugali. Sikujua kwamba pembeni yangu alikuwapo mwanafunzi aliyekuwa akisikiliza somo.

Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Baba Baraka, wewe umepata kukutana na Myahudi?"

Laiti ningeweza kujibu kwamba sijapata, aibu yangu ingekuwa ndogo. Lakini nilikuwa nimepata.

JIWE LA SENTIMITA KUMI

Mwezi wa Novemba mwaka 2019 nilipelekwa Berlin, Ujerumani, kwa mafunzo ya wiki tatu ya waandishi wa habari. Mmoja wa wakufunzi wetu alikuwa Myahudi. Siku ya kwanza aliliangalia koti langu jepesi nililolinunua Kariakoo, akatikisa kichwa, na siku ya pili aliniletea koti zito la sufu kutoka kabatini mwake. Nililivaa wiki zote tatu. Wala hakukubali hata siku moja nilipie kahawa. Huyo ndiye Myahudi niliyemjua kwa macho yangu, nami nilirudi nyumbani nikalifanya jina la watu wake kuwa tusi la mchoyo.

Yeye ndiye aliyetupeleka, alasiri ya tarehe 9 Novemba, kuwaangalia wanafunzi wa shule moja waliokuwa wamepiga magoti njiani kwenye baridi. Nilidhani wameangusha kitu. Kumbe walikuwa wakisugua vijiwe vidogo vilivyopachikwa kati ya mawe ya njia ya waendao kwa miguu. Kila kijiwe kina kifuniko cha shaba ya manjano, sentimita 10 kwa 10, na juu yake yameandikwa maneno machache: hapa aliishi fulani, amezaliwa mwaka fulani, amechukuliwa tarehe fulani, ameuawa mahali fulani. Kazi hii ilianzishwa na msanii Gunter Demnig mwaka 1992 katika jiji la Köln, na ilipofika mwaka 2023 vijiwe vilikuwa vimefikia 100,000, vikiwa vimetandazwa katika nchi nyingi za Ulaya.

Walio wengi kati ya wanaokumbukwa na vijiwe hivyo ni Wayahudi. Watoto wa shule hawasugui shaba tu. Huchagua jina moja, wakaenda kwenye nyaraka za kale, wakatafuta mtu yule alisoma shule gani, baba yake alifanya kazi gani, nyumba yao ilikuwa ghorofa ya ngapi, na ni siku gani gari lilikuja kuwachukua. Wengine huchangisha fedha ili kijiwe kipya kiwekwe. Tarehe 9 Novemba, siku ambayo mwaka 1938 masinagogi yalichomwa moto Ujerumani nzima, na tarehe 27 Januari, siku ambayo mwaka 1945 kambi ya Auschwitz ilikombolewa, hutoka na vitambaa na dawa ya kung'arishia shaba.

Nilimwuliza mwalimu wao kwa nini anawasumbua watoto kwa baridi kama ile. Alinieleza kwamba hesabu ya watu milioni sita haiingii katika kichwa cha mtoto, wala haiingii katika kichwa cha mtu mzima. Lakini msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu, aliyekaa ghorofa ya pili ya nyumba unayopita kila siku kwenda shule, huyo huingia, na akiingia hatoki.

SHULE ILIPOFUNDISHA CHUKI

Ili tuelewe uzito wa kazi ya walimu hao, yafaa tukumbuke kwamba nchini mwao chuki hiyo ilikuwa imefundishwa darasani kama hesabu na jiografia. Hitler alipotwaa madaraka mwezi Januari 1933, Wayahudi wa Ujerumani walikuwa kama nusu milioni, yaani chini ya mtu 1 katika kila watu 100. Wengi walikaa mijini, hata watoto wengi wa vijijini walikua bila kumwona Myahudi hata mmoja. Hilo halikuzuia kitu. Mwezi Aprili mwaka huohuo walimu Wayahudi walianza kufukuzwa kazi, na sheria ikapunguza idadi ya watoto wa Kiyahudi katika shule za juu. Likaingizwa somo la kuwafundisha watoto kwamba mbari moja ni bora na nyingine ni uchafu. Mwaka 1938 kilitolewa kitabu cha hadithi za watoto, chenye picha za rangi, kilichomfananisha Myahudi na uyoga wa sumu. Aliyekichapisha, Julius Streicher, alihukumiwa Nuremberg akanyongwa mwaka 1946.

Tarehe 15 Novemba 1938 watoto wote wa Kiyahudi walipigwa marufuku katika shule za Wajerumani. Kuanzia Septemba 1941 kila Myahudi aliyefikia umri wa miaka sita alilazimishwa kushona nyota ya manjano kifuani. Kisha zikaja gari moshi za kuwapeleka kambini. Ilipokwisha vita mwaka 1945, Wayahudi wapatao milioni sita wa Ulaya walikuwa wameuawa, na kati yao watoto walikuwa kiasi cha milioni moja na nusu.

Mauaji yale hayakuanza kwa bunduki. Yalianza kwa maneno ya mezani, na kwa dhihaka za uwanjani wakati wa mapumziko. Mtoto alizoea kwanza kulisikia jina la mwenzake kama tusi. Alipokuwa mtu mzima, haikumshangaza kuona mwenye jina lile akifungiwa katika behewa.

Wala mtu asidhani kwamba maradhi hayo yalizikwa mwaka 1945. Katika viwanja vya shule za Ujerumani za leo neno "Myahudi" hutumiwa na watoto kama tusi, vilevile kama alivyolitumia Baraka. Shule za Kiyahudi zinalindwa na polisi. Mwezi mmoja tu kabla sijafika Berlin, tarehe 9 Oktoba 2019, mtu mwenye silaha alijaribu kuvunja mlango wa sinagogi la mji wa Halle siku ya mfungo mkuu wa Wayahudi. Mlango ulimshinda, akawaua watu wawili nje.

WANAOINGIA DARASANI

Wako watu waliojitwisha kazi ya kuipiga vita chuki hiyo huko huko shuleni. Katika mtaa wa Kreuzberg, Berlin, wanamokaa wahamiaji wengi kutoka Uturuki na nchi za Kiarabu, tangu mwaka 2003 kuna chama kinachojulikana kwa kifupi kama KIgA. Wanaofanya kazi humo hawakutoka kwa Wayahudi peke yao. Wamo Waislamu, wamo watoto wa wahamiaji wenyewe. Huingia madarasani, lakini hawaanzi kwa kugomba. Huanza kwa kuuliza: umesikia nini habari za Wayahudi? Umesikia kwa nani? Kisha husikiliza.

Nao husikia mengi. Husikia uzushi wa kale kwamba Wayahudi ndio wenye benki zote na magazeti yote. Husikia pia uchungu wa kweli, kwa kuwa katika madarasa hayo wamo watoto ambao babu zao walikimbia Palestina na jamaa zao wako Gaza hadi sasa. Kazi ngumu kuliko zote iko hapo. Mwalimu akimnyamazisha mtoto huyo, mtoto atadhani kwamba machozi yake hayana thamani, na chuki itazidi. Akimwacha aseme lolote, mtoto wa Kiyahudi aliyekaa dawati la mbele atabeba makosa ya serikali ambayo hakuichagua. Baada ya shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 na vita vya Gaza vilivyofuata, matusi na mashambulio dhidi ya Wayahudi yaliongezeka Ujerumani, na madarasa yakawa moto.

Sisi wa nchi hii tunaielewa habari hiyo, maana tangu zamani mioyo yetu imekuwa pamoja na Wapalestina katika kudai haki yao. Sioni sababu ya kuuonea haya msimamo huo. Lakini kumlilia Mpalestina hakumlazimishi mtu kumchukia mtoto wa Berlin kwa sababu bibi yake aliwasha mishumaa Ijumaa jioni. Serikali ni serikali, na watu ni watu. Tulipowapinga makaburu wa Afrika Kusini hatukusema kwamba kila mtoto mweupe azaliwaye duniani ni kaburu.

Njia nyingine ni ya kukutana ana kwa ana. Tangu mwaka 2020 Baraza Kuu la Wayahudi wa Ujerumani lina mpango ambao Wayahudi wa kawaida, wanaojitolea, aghalabu wawili wawili, huenda shuleni na katika vilabu vya michezo kuzungumza na vijana. Hawaendi kutoa mhadhara. Watoto huwauliza wanakula nini, wanasali vipi, wanashabikia timu gani. Mtoto ambaye hakuwa amemwona Myahudi ila katika uzushi humwona akicheka, akikosea, akitafuta ufunguo mfukoni kama baba yake.

MAMA ALIYEKWENDA KUTAFUTA SABABU

Kati ya wote wanaofanya kazi hii, anayenigusa zaidi hayuko Ujerumani bali Ufaransa, naye hakusomea ualimu. Ni mama, Mwislamu, mzaliwa wa Moroko: Bibi Latifa Ibn Ziaten. Tarehe 11 Machi 2012 mwanawe Imad, askari wa jeshi la Ufaransa, aliuawa kwa risasi mjini Toulouse. Muuaji aliendelea. Tarehe 15 aliwaua askari wengine wawili mjini Montauban, na tarehe 19 aliingia katika shule ya Kiyahudi ya Toulouse akamwua mwalimu mmoja na watoto watatu.

Bibi Latifa alipomaliza kumzika mwanawe alikwenda mwenyewe katika mtaa alikokulia muuaji. Akawauliza vijana waliokuwa wamekaa barazani kama wanamjua. Vijana, wasijue wanaongea na nani, walimsifu muuaji kwamba ni shujaa. Mama akawaambia kwamba yeye ndiye mama wa askari aliyeuawa. Wangapi kati yetu, ndugu msomaji, wangeweza kusimama pale bila kulaani? Yeye aliona katika nyuso zile watoto ambao hakuna aliyewalea. Mwaka huohuo wa 2012 aliunda chama chenye jina la mwanawe, na tangu hapo amekuwa akizunguka mashuleni na magerezani kuzungumza na vijana, akiwaomba wasimwage sumu ya chuki, iwe juu ya Wayahudi au juu ya mtu yeyote. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Zayed ya Undugu wa Binadamu, pamoja na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres.

MTU WA DAR ES SALAAM

Jioni ya siku ile ya maandazi nilimketisha Baraka jamvini. Sikumchapa. Ningemchapaje kwa kosa langu? Nilianza kwa kumwomba radhi, jambo ambalo si jepesi kwa baba wa Kiafrika, kisha nikamsimulia habari za kijiwe kingine nilichokiona Berlin, katika njia ya Brunnenstraße.

Kijiwe hicho kimeandikwa jina la mtu wa hapa hapa kwetu. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa askari wa jeshi la Wajerumani. Yeye mwenyewe alitiwa katika jeshi hilo akiwa mtoto, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, akanyimwa, akabaki huko. Alifanya kazi ya kuhudumia katika mkahawa, akaigiza katika filamu, na kwa miaka mingi alisaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Alioa mke wa Kijerumani. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa bila kuhukumiwa katika kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944. Kijiwe chake kiliwekwa mwaka 2007.

Baraka alinyamaza kidogo. "Alikuwa Myahudi?"

"Hapana, mwanangu. Alikuwa Mwislamu, Mswahili wa Dar es Salaam."

"Sasa kwa nini walimfunga?"

Nilimweleza kwamba watu waliozoea kusema kwamba jamii moja ya binadamu ni takataka hawakawii kuipata ya pili. Walianza na Myahudi, wakafika kwa Mwafrika aliyekuwa akiwafundisha kusema shikamoo. Nikamwambia pia jambo ambalo lilimshangaza kuliko yote: kwamba jirani zetu Waganda, karibu na mji wa Mbale, wako Wayahudi weusi kama sisi, wanaoitwa Abayudaya, ambao wazee wao walishika dini hiyo tangu mwaka 1919, wakiongozwa na Semei Kakungulu. Wanalima kahawa na kusomesha watoto wao.

"Kwa hiyo nilimwita mwenzangu mkulima wa kahawa," alisema Baraka. Mama yake alicheka. Mimi nilishindwa.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda, Baraka na mimi, nyumbani kwa yule mwenzake, tumebeba maandazi kumi katika bakuli. Wazazi wake walitupokea vizuri, wakatuketisha, na watoto wakatoka kwenda kucheza mpira kabla hata chai haijamiminwa. Kuhusu mwenye nyumba, bado tunavutana juu ya kodi. Ni mzee mgumu wa kukubaliana naye, na hivyo ndivyo nimwitavyo sasa.

Ndugu mzazi mwenzangu, wale wanaofanya kazi mashuleni huko Berlin na Toulouse wanapambana na maneno ambayo watoto wamekwenda nayo kutoka nyumbani. Mwalimu anaye mtoto kwa saa chache za mchana. Sisi tunaye wakati wa kula, na wakati wa kula ndipo ulimi wetu unapolegea. Mara ni Myahudi, mara ni Mhindi, mara ni kabila la jirani. Tunadhani tunatia chumvi katika mazungumzo, kumbe tunamfungia mtoto mzigo wa kwenda nao shuleni.

Juzi shemeji yangu alikuja kututembelea. Katika kulalamika juu ya tajiri wake kazini, lile neno lilimtoka. Kabla sijafungua kinywa, Baraka, aliyekuwa akinawa mikono, aligeuka akamwuliza kwa adabu zote: "Samahani, mjomba. Umepata kukutana na Myahudi?"

Shemeji alinitazama mimi. Nilimsogezea sahani ya mchicha, nikamwacha ajibu mwenyewe.